SOMO: Kuandika mwongozo wa programu unaosomeka kwa kisoma skrini

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wale wanaotengeneza programu na kuweka maelekezo yake mtandaoni. Msomaji asiyeona husikiliza ukurasa wako kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na huruka kutoka sehemu hadi sehemu kwa kibodi.

Hatua ya 1: Usikilize mwenyewe. Pakua kisoma skrini kiitwacho NVDA. Ni ya bure, inatumika kwenye Windows, na ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Fungua mwongozo wako, zima mwanga wa skrini, weka kipanya kando. H inakupeleka kwenye kichwa kinachofuata, K kwenye kiungo, T kwenye jedwali. Insert na F7 kwa pamoja hufungua orodha ya viungo na vichwa.

Hatua ya 2: Vichwa. Ukibonyeza H ukaambiwa hakuna kichwa, ujue ulikoleza maandishi tu. Tumia tagi za HTML: h1 kwa jina la ukurasa, h2 kwa sehemu, h3 kwa vijisehemu. Usiruke kutoka h2 kwenda h4 eti umependa ukubwa wa herufi. Hiyo ni kazi ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa.

Hatua ya 3: Msimbo. Hapa ndipo wengi wetu tunawaangusha watu. Picha ya skrini yenye amri haisomeki, na wala hainakiliki. Weka amri kama maandishi ndani ya tagi za pre na code, na kabla yake sema ni lugha gani na inafanya nini. Namba za mistari zifiche, la sivyo zitasomwa katikati ya msimbo. Kitufe cha kunakili kipe jina. Chenye picha ndogo tu bila jina kitatajwa kuwa ni kitufe, basi.

Halafu kuna alama za uandishi ndani ya msimbo. NVDA ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida huzipita nyingi, mabano yakiwemo. Msomaji anaweza kubadili kiwango kwa Insert na P, lakini alama ikiwa ndiyo roho ya amri, itaje kwa maneno: “chaguo la force, lenye vistari viwili mwanzoni”.

Hatua ya 4: Lugha. Violezo vingi vya kurasa huja na lang="en", yaani vinatangaza kuwa ukurasa ni wa Kiingereza. Ukiiacha hivyo, Kiswahili chako kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na ni kichekesho kisichochekesha. Weka lang="sw". Sauti ya eSpeak NG iliyomo ndani ya NVDA inakijua Kiswahili.

Hatua ya 5: Viungo na picha. “Bofya hapa” kumi kwenye orodha hazimwambii mtu kitu. Badala ya “kitufe cha kijani kulia”, taja jina la kitufe. Kila picha ipe alt, yaani maelezo mafupi yanayosomwa badala ya picha; ya pambo iachie alt tupu.

MASWALI

*Mkuu, mimi natumia Mac.*
Kisoma skrini chake, VoiceOver, kimo tayari. Bonyeza Command na F5. Kwenye Android kuna TalkBack.

*Kaka, mchoro wetu wa mfumo una masanduku na mishale kibao. Alt itatosha?*
Haitoshi. Kwenye alt sema ni mchoro wa nini, kisha chini yake eleza kwa orodha yenye namba: ombi linaanzia wapi, linapita wapi, linaishia wapi.

*Nimepima kwa Lighthouse, kile kifaa cha Chrome cha kukagua kurasa, nimepata 100. Si nimemaliza?*
Bado. Inaona kama alt ipo, haijui kama inasema kweli. Ukiandika “picha1” utapita.

*Shikamoo mwalimu. Mimi sioni, natumia kisoma skrini cha JAWS. Majedwali ya vigezo vya API (njia ya programu moja kuwasiliana na nyingine) mbona hujayagusa?*
Marahaba. Vichwa vya safu viwe kwenye tagi ya th, tena na sifa ya scope inayoonyesha kichwa ni cha seli zipi, ili jina la safu lisomwe pamoja na kila seli. Seli zilizounganishwa ziepukwe.

*Sawa kabisa. Niongeze: sisi hutembea ndani ya jedwali kwa Ctrl, Alt na mishale. Mkitumia jedwali kupanga ukurasa tu, mnatupoteza.*