Kupunguza uzito ukiwa Mtwara: anza na tui kabla hujaulaumu ugali

Nianze na mbaazi maana ndo zilizonifumbua macho. Nina kaduka ka vifaa vya shule hapa Mtwara mjini, nakaa kwenye stuli toka saa mbili asubuhi mpaka magharibi, na kila asubuhi chai yangu ilikuwa maandazi matatu na bakuli la mbaazi za nazi kutoka kwa mama jirani, ikifika saa tano jua limewaka namtuma dogo soda ya baridi. Mchana nakula ugali kidogooo, usiku wali sigusi kabisa, alafu nashangaa mbona nina kilo 84 na urefu wenyewe ni sentimita 160 tu.

Jumapili moja nikaamua nizipike mbaazi zile zile nyumbani, kila kitu kinapita kwanza kwenye mizani ndogo ya jikoni, tui la kwanza nikalipima kwa kikombe. Mama akapita akanikuta nahesabu, akasema we mwanangu umeanza biashara ya mbaazi? Jibu lilikuwa hivi: mbaazi kavu gramu 60 ni kama kalori 205, tui zito nusu kikombe kama 230, maandazi matatu ya kawaida kama 540, sukari vijiko vitatu vya chai karibu 50, na ile soda ya mililita 350 kama 150. Jumla 1,175, na adhuhuri haijaadhiniwa. Huo ugali niliokuwa naukwepa wala haukuwa na kosa.

Kwaiyo kabla hujaacha kula kitu chochote, fanya hesabu ya mwili wako kwanza, haichukui hata dakika tano na kalkuleta ya simu. Chukua kilo zako zidisha kwa 10, chukua urefu wako kwa sentimita zidisha kwa 6.25, ujumlishe hizo mbili. Alafu toa umri wako mara 5. Ukiwa mwanamke toa tena 161, ukiwa mwanaume ongeza 5. Hiyo ndo nishati mwili unatumia hata ukilala siku nzima, moyo kudunda, mapafu, ubongo na kadhalika. Mimi nilikuwa na miaka 34, ikaja 840 jumlisha 1,000 toa 170 toa 161, jibu 1,509. Sasa hiyo unazidisha tena kwa shughuli zako: mtu wa kukaa tu anazidisha 1.2, anayetembea tembea na kufanya mazoezi mepesi 1.375, anayefanya mazoezi ya maana au kazi za kusimama na kubeba 1.55. Mimi nakaa dukani lakini asubuhi natembea, nikachukua 1.375 nikapata kama 2,075. Watu wengi wanajidanganya hapa, mtu anakaa dukani kutwa anajiwekea 1.55 kwa sababu anafagia uwanja asubuhi. Jiwekee namba ndogo, utajishukuru.

Kutoka kwenye hiyo namba unatoa kalori 500 kwa siku. Kwanini 500? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, ukipunguza 500 kila siku kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo. Nusu kilo kwa wiki ndo mwendo wa kweli, na wiki zingine itakuwa robo, zingine sifuri. Anayekuambia kilo kumi kwa wiki mbili anakuuzia dawa ya kuharisha. Na mwanamke usishuke chini ya 1,200, mwanaume 1,500, bila daktari kukusimamia, maana ukijinyima sana mwili unakula misuli pia na siku ya nne utaamka saa nane usiku ufunue sufuria. Mimi nikajiwekea 1,600.

Sasa zile 1,600 zinaliwaje huku kwetu bila kununua vyakula vya supermaketi? Kula vilevile unavyokula, ila pima. Hivi ndo siku yangu ya kawaida inavyokaa: asubuhi chai kijiko kimoja cha sukari, muhogo wa kuchemsha gramu 200 na yai la kuchemsha, hapo ni kama 410. Mchana ugali wa unga gramu 90, pima unga mkavu kabla ya kusonga maana ugali ukishaiva maji yanakuchanganya, samaki kama changu gramu 150 wa mchuzi, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na matembele au mchicha rundo zima, hapo 635. Usiku wali wa mchele gramu 70, mbaazi gramu 50, tui vijiko viwili vya chakula tu basi, 485. Ongeza ndizi mbivu au kipande cha papai, 100. Jumla inagusa 1,630 na sijafa njaa. Wali umo, ugali umo, na mbaazi za nazi zimo.

Ukiangalia vizuri utaona kilichobadilika ni vitu vitatu, mafuta, tui na sukari. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula ni kalori 120, na sisi tunamimina kutoka kwenye kidumu tukipiga stori na wifi mlangoni, kwenye mchicha tu vinaenda vijiko vinne. Hiyo ni 480 kwenye kitu ambacho kila mtu anakiita mboga ya dayati. Weka kijiko maalumu ndani ya kabati la mafuta, kifunge na kamba kwenye kidumu kama mimi, yeyote anayepika lazima akikute. Tui nalo zito la kwanza kikombe kizima linazidi 400. Sisemi uache nazi, utaachaje nazi ukiwa kusini, ila pika na tui la pili alafu lile zito uweke kidogo mwishoni wakati wa kuepua, harufu inabaki na ladha ipo mbele. Na samaki mpake ndimu chumvi na pilipili umweke kwenye mkaa, yule yule akidumbukizwa kwenye karai la mafuta anarudi na kalori ambazo hukuzinunua.

Bahati yetu wa pwani ni protini. Mtu anayepunguza uzito anahitaji protini ya kutosha ili ashibe na misuli isiondoke, kama gramu 1.2 hivi kwa kila kilo ya uzito inatosha kwa wengi wetu. Nenda feri asubuhi, vibua, dagaa, pweza, vyote hivyo ni protini nyingi kwa kalori chache. Supu ya pweza bila mafuta jioni inakutuliza kuliko sahani ya chipsi. Mbaazi na kunde nazo zina protini pamoja na nyuzinyuzi, ndo maana ukila unakaa muda. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, ukiichemsha iweke upande wa wanga, usiile juu ya ugali ukasema ni ya porini haihesabiki.

Na korosho. Hapa naomba tuheshimiane. Huu ndo mkoa wa korosho, mwezi wa kumi minada ikianza kila nyumba ina ndoo ya banguliwa mahali fulani na mgeni akija anawekewa sahani. Korosho ni chakula kizuri, sina ugomvi nazo, lakini gramu 100 ni kama kalori 550. Konzi dogo la gramu 28, kama punje 18, ni karibu 155. Ukikaa na sahani mbele ya tamthilia ukala gramu 200 ushakula 1,100 na bado utasema hujala usiku. Mimi nazihesabu punje, nachukua 18 naweka kwenye kisahani cha kikombe, ndoo inarudi chumbani kwa mama. Wadogo zangu walinicheka mwezi mzima wakawa wananiita karani wa ghala, sawa tu.

Upande wa mazoezi niseme ukweli ambao wengi hawapendi. Nikiwa na kilo 84, kutembea kwa kasi nusu saa kulikuwa kunachoma kama kalori 170, na hapo hujatoa zile ambazo ningetumia hata nikikaa. Andazi moja. Kwaiyo huwezi kula hovyo alafu ukategemea miguu ikulipie deni. Lakini mazoezi usiyaache, yanalinda misuli, yanashusha presha, sukari inakaa vizuri, usingizi unakuja, na watu wanaopungua wakabaki walivyopungua wengi ni wale wanaotembea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, na siku mbili za kutumia nguvu za misuli. Kiasi maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba.

Anza na dakika 15 kama hujawahi. Huku ni lazima utoke mapema, saa kumi na moja na nusu baada ya alfajiri, maana ikifika saa mbili jua la Mtwara na ule unyevu wa bahari hautaki mchezo, hasa kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 ndo raha, kaubaridi kapo, unatembea Shangani ufukweni unarudi hujalowa. Mimi nilianza na dakika 15, kila wiki naongeza tano, nikafika 40 siku tano kwa wiki. Nilikuwa navaa dera na raba za mdogo wangu, bodaboda wananipigia honi "mama tunakupeleka wapi", baadaye wakazoea, mmoja saivi ananiambia leo umechelewa. Ukipata mwenzako mtembee naye, siku unayotaka kulala anakugongea dirisha. Mwili ukizoea kabisa kuna siku mnaweza kutembea mpaka Mikindani, ni kama kilomita 10, mkarudi na daladala.

Nguvu huhitaji jimu. Kuchuchumaa na kusimama mara 10 ukijishika kwenye kiti, pushapu za kuegemea ukuta mara 10, kubeba ndoo mbili za lita 10 kuzunguka uwanja, pumzika, rudia mara tatu. Jumatatu na Alhamisi. Goti likiuma usilazimishe, punguza kina cha kuchuchumaa.

Mizani panda mara moja kwa wiki tu, siku ile ile, asubuhi ukitoka chooni kabla ya chai, na mizani iwe ile ile. Ukienda kwa wale wanaopima stendi leo na kesho ukapima famasi utachanganyikiwa. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili ukajiona bingwa, mengi ni maji, usitangaze. Na wanawake tukikaribia hedhi maji yanajaa, mizani inapanda hata kama umekula vizuri, basi linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Chukua pia futi ya fundi cherehani upime kiuno, wakati mwingine mizani imegoma ila kiuno kimeshuka.

Watu watakusema. Huku kwetu ukinenepa umetunzwa, ukipungua una mawazo au unaumwa. Mama mkubwa alikuja kutoka Newala, nimempa shikamoo hata hajaitikia vizuri kanishika mkono, "mwanangu, kuna nini hapa nyumbani?" Nikamwambia hamna kitu mama, natembea asubuhi na mafuta nimepunguza. Akanyamaza, jioni akanipakulia wali wa nazi wa watu wawili. Nikala nusu nikasema nimeshiba mama asante, kilichobaki nikakifunika. Usibishane na wakubwa juu ya chakula, sifia alafu ufunike. Na likizo ya mwezi wa 6 unyago na jando kila mtaa, pilau linakufuata mpaka mlangoni, kula sahani moja, kesho yake rudi kwenye ratiba, usijiadhibu kwa kushinda na njaa.

Mpango huu sio wa kila mtu. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ukiwa unatumia insulini au vidonge vya sukari, una ugonjwa wa figo, au umri chini ya 18, ongea na daktari kwanza, kwa mtu wa sukari kupunguza chakula bila kurekebisha dawa kunaweza kumwangusha barabarani. Na kama unapungua bila kujaribu, unatoka jasho usiku, kikohozi hakiishi, hiyo sio bahati, nenda ukapimwe.

Mimi ilinichukua miezi mitano kutoka 84 mpaka 76. Katikati hapo nilikwama wiki nne mizani haisogei hata gramu, nikakasirika nikataka niache. Kuna mambo mawili ya kukagua ukikwama. La kwanza, mwili mdogo unatumia kidogo, nikipiga ile hesabu kwa kilo 76 inakuja kama 1,965 badala ya 2,075, yaani 110 zimepungua bila mimi kufanya kosa lolote, kwaiyo kila ukipungua kilo nne tano piga hesabu upya. La pili ni jikoni. Nikarudi kupima kila kitu siku tatu mfululizo, nikakuta kile kijiko cha mafuta kilikatika kamba zamani, mdogo wangu alikuwa anatumia upawa.