Somo: Kuitengeneza Dark Souls ya kompyuta (toleo la 2012), hatua kwa hatua

Wadau, habari za siku. Mwezi huu nimepata ujumbe wa watu watatu wenye tatizo lile lile. Wameweka Dark Souls: Prepare to Die Edition kwenye kompyuta, wakachagua skrini ya 1920 kwa 1080, lakini picha ina ukungu kama kioo cha daladala siku ya mvua. Mmoja alishaanza kuuliza bei ya kadi mpya ya picha. Ndugu zangu, msinunue kitu. Kadi zenu ni nzima, gemu ndilo lililoletwa hivyo tangu kiwandani, na dawa yake ni ya bure, kazi ya nusu saa tu.

Kwanza tujue ugonjwa, maana ukiujua hutapapasa.

Dark Souls ilitoka mwaka 2011 kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Iliundwa na FromSoftware wa Japani chini ya Hidetaka Miyazaki. Watu wa kompyuta waliitamani mno, hadi mwanzoni mwa 2012 ombi lao la mtandaoni likapata sahihi zaidi ya 90,000. Namco Bandai, wachapishaji wake, wakakubali, na Agosti 2012 toleo la kompyuta likatoka, tena na nyongeza ya Artorias of the Abyss ndani yake. Watayarishaji walikuwa wameshatahadharisha kwamba kompyuta inawapa tabu kwa kukosa uzoefu. Na kweli, kilichotufikia kilikuwa gemu la konsoli lililobebwa kama lilivyo na kutuliwa kwenye Windows.

Ubovu mkubwa ni huu: hata ukichagua ukubwa gani kwenye menyu, gemu huchora picha ya pikseli 1024 kwa 720 tu, kisha huivuta ijae skrini. Piga hesabu. 1024 mara 720 ni pikseli 737,280. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Yaani karibu theluthi mbili ya unachokitazama kimejazwa kwa kuvuta. Pili, mwendo umefungwa kwenye fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazofuatana). Tatu, mausi ni mateso. Kulikuwa pia na usumbufu wa Games for Windows Live, mfumo wa Microsoft wa kuingia mtandaoni, lakini huo uliondolewa Desemba 2014, tuuache.

Linaloniuma mimi, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba uzuri wote ulikuwemo. Wachoraji walishafanya kazi yao. Viungo vya mawe katika kuta za mji wa Undead Burg, nyuzi za koti la shujaa Artorias, mizizi ya msitu wa Darkroot Garden, vyote vimo ndani ya mafaili uliyonunua. Dirisha tu ndilo lililokuwa dogo. Aliyelipanua hakuwa mwajiriwa wao. Ni mchezaji mwenzetu anayejulikana kwa jina la Durante. Gemu lilipotoka, hazikupita saa nyingi akawa ametoa programu ndogo iitwayo DSfix, bure. Somo hili ni la hiyo DSfix.

Hatua ya 1: Weka nakala ya sevu yako (faili linalotunza ulipofikia)

Usiruke hatua hii. Fungua Documents, kisha NBGI, kisha DarkSouls. Utakuta faili DRAKS0005.sl2. Herufi zimepindana hivyo hivyo, si kosa la macho yako, na usilibadilishe jina. Linakili kwenye flashi au folda nyingine. Mimi nilipoteza saa zaidi ya 40 za mchezo usiku mmoja umeme ulipokatika gemu likiwa katikati ya kuandika faili hilo. Nilikuwa nimeshaifikia Anor Londo, mbali sana ndani ya gemu. Sikuwa na nakala hata moja.

Hatua ya 2: Zima ulainishaji wa kingo ndani ya gemu

Fungua gemu mara moja bila DSfix. Kwenye mipangilio ya picha tafuta Antialiasing, izime. Weka ukubwa wa skrini yako halisi, kisha toka. DSfix ina ulainishaji wake, na viwili hivi havikai chungu kimoja: ukiacha cha gemu kikiwaka, picha huharibika. Wengi wanaosema DSfix mbovu, kosa lao liko hapa.

Hatua ya 3: Weka mafaili mahali pake

Pakua DSfix, ifungue zipu. Utaona DINPUT8.dll, DSfix.ini, DSfixKeys.ini na folda ya dsfix. Vyote viende ndani ya folda ya DATA, palepale lilipo DARKSOULS.exe. Visiwe nje ya DATA, wala ndani ya folda nyingine mpya.

Mtu akikuuliza kwa nini faili moja linatosha kubadili gemu zima, mwambie hivi. Gemu likiwaka huhitaji dinput8.dll ya Windows ili kusoma pedi na kibodi. Windows, kabla ya kuitafuta kwenye folda zake, hutazama kwanza folda la gemu lenyewe. Ikiikuta ya Durante hapo, huichukua. Nayo hupitisha kazi za pedi kama kawaida, na wakati huohuo hudaka maagizo ya kuchora picha na kubadilisha ukubwa wake kabla hayajafika kwenye kadi. Hakuna faili la gemu lililoguswa. Ukitaka kurudi ulikotoka, ondoa hiyo dll, basi.

Hatua ya 4: Panua dirisha

Fungua DSfix.ini kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu. Tafuta miwili hii uiandike hivi:

renderWidth 1920
renderHeight 1080

Kama skrini yako ni 1366 kwa 768, weka namba hizo. Hifadhi, washa gemu, simama Firelink Shrine, kituo cha mwanzoni mwa gemu, utazame magofu ya mbali. Usiguse kitu kingine kwanza. Nasisitiza: badilisha jambo moja, washa, tazama, ndipo uende lingine. Ukibadilisha kumi kwa pamoja na gemu likagoma, hutajua mchawi ni nani.

Hatua ya 5: Ukungu wa mbali

Baada ya hatua ya 4 vitu vya karibu vitang'aa, ila vya mbali vinaweza kubaki na matope. Gemu lina ukungu wa makusudi kwa vitu vya mbali, nao huanza kuchorwa kwa 512 kwa 360. Tafuta:

dofOverrideResolution 540

540 inatosha kompyuta nyingi. Kuna 810 na 1080 kwa wenye kadi nzito. Ukipandisha sana, ule ukungu wenyewe hupungua nguvu, na kwa macho yangu Lordran, nchi ya gemu hili, hupoteza kitu, kwa sababu umbali ule ulikusudiwa uonekane kama ndoto. Mimi nimebaki 540.

Hapo jirani kuna aaQuality, kutoka 0 hadi 4, na ssaoStrength ya vivuli vya pembeni, kutoka 0 hadi 3. Anza na 1 kila moja.

Hatua ya 6: Fremu 60, kwa tahadhari

unlockFPS 1
FPSlimit 60

Hapa sikiliza vizuri. Gemu hili lilijengwa likiamini kwamba kila fremu ni sehemu moja ya 30 ya sekunde. DSfix inaibadilisha imani hiyo, lakini si kila kona ya gemu inatii. Miruko huwa mifupi kidogo. Na ukiserereka kwenye ngazi, unaweza kupenya sakafu ukaangukia utupu. Kwa hiyo kuna kitufe cha kurudi fremu 30 papo hapo, kimepangwa kwenye DSfixKeys.ini. Kitafute kwenye mstari wa toggle30FPSLimit, ukihamishie kwenye kitufe ambacho kidole chako kinakifikia bila kutazama.

Pia, kabla hujafunga DSfix.ini, weka enableBackups 1. Itakuwa inanakili sevu yako yenyewe kila baada ya muda. Ningekuwa nayo usiku ule nisingelia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote lakini gemu halifunguki kabisa, linawaka sekunde moja linazima.

Marahaba. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, DINPUT8.dll bado ipo kwenye DATA? Programu za kulinda virusi wakati mwingine huila kimyakimya, maana tabia yake ya kujiingiza inafanana na ya kirusi. Kama imeliwa, hakikisha kwanza uliipata mahali pa kuaminika, ndipo uiruhusu. La pili, weka DirectX 9 ya Juni 2010 kutoka Microsoft; kuwa na DirectX mpya ya Windows 10 hakutoshi, mafaili ya zamani hayamo. La tatu, rudi hatua ya 2.

Mwanachama wa Mombasa: Bro, mimi nina kompyuta ya ofisi ya mtumba, haina kadi ya picha, inatumia ile ya ndani ya prosesa tu. Niache?

Usiache. Weka 1280 kwa 720. Hizo ni pikseli 921,600, robo moja tu zaidi ya zile za kiwandani, na mashine yako italibeba ongezeko hilo. aaQuality 0, ssaoStrength 0, fremu acha 30. Picha haitang'aa kama ya mwenye kadi, lakini tofauti utaiona.

Mwanachama wa Kigoma: Kaka, sina pedi. Natumia kibodi, na gemu linaniambia bonyeza A, bonyeza X, nikibonyeza A mhusika anaenda kushoto.

Pole. Hizo A na X ni vitufe vya pedi ya Xbox, hawakujisumbua kubadili picha zake. Wachezaji wametengeneza picha za vitufe vya kibodi. Ziweke ndani ya dsfix, kwenye folda ya tex_override, kisha enableTextureOverride 1. Kwa mausi kuna programu nyingine iitwayo DSMfix, na DSfix inaweza kuibeba mgongoni kupitia mstari wa dllChain. Ila nakuomba kama ndugu: ukipata pedi, hata ya kuazima, tumia pedi. Gemu hili liliundwa kwa vidole gumba viwili.

Mwanachama wa Nairobi: Na hii Remastered je? Si ni afadhali kununua hiyo nimalizane nayo?

Remastered ni toleo jipya la gemu hilihili. Kama huna toleo la zamani, ndiyo, nunua hiyo, kwa sababu lile la 2012 liliondolewa dukani Steam Mei 2018, mwezi uleule Remastered ilipotoka. Remastered ina fremu 60 zake yenyewe na haihitaji DSfix. Wala usijaribu kuiwekea, haifanyi kazi huko. Lakini mwanga ulibadilishwa. Moto wa kupumzikia na baadhi ya kuta vina sura nyingine, na mimi napenda giza la zamani. Mwenye toleo la 2012 na DSfix hana sababu ya kuona amepitwa.

Mwanachama wa Muscat: Assalaam alaykum. Naweza kucheza na mdogo wangu aliye Zanzibar?

Waalaykum salaam. Kwa toleo hili, hapana. Januari 2022 seva za Dark Souls za kompyuta zilizimwa baada ya kugunduliwa mwanya uliomwezesha mtu kuendesha programu kwenye mashine ya mwenzake kupitia gemu. Baadaye nyingine zilirudishwa, Remastered ikiwemo, lakini za Prepare to Die hazikurudi. Mkitaka kucheza pamoja, wote wawili mchukue Remastered.

Mwanachama wa Mwanza tena: Mwalimu, limefunguka! Ilikuwa ile dll imeliwa. Lakini sasa Blighttown nimeserereka kwenye ngazi nikapita chini ya ardhi, roho zangu zote zimebaki huko.

Hongera kwa kufunguka, na pole kwa roho. Blighttown, kitongoji cha mbao ndani ya gemu, ina ngazi juu ya ngazi, ndipo wengi wanapoumia. Shuka hatua kwa hatua, usiserereke. Ukiwa na haraka, rudisha fremu 30 kabla hujaishika ngazi, na usirudi 60 mpaka miguu iguse mbao. Roho, yaani sarafu ya gemu hili, hubaki kwenye doa la damu ulipofia; nenda kazitafute, mara nyingi doa huwekwa mahali pa mwisho uliposimama salama.

Mwanachama wa Dodoma: Nikimaliza nataka Dark Souls II. Nayo inahitaji matengenezo haya?

Hapana. Hiyo ilitoka kwenye kompyuta Aprili 2014 ikiwa na picha ya ukubwa wowote na fremu 60 tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na kasoro moja inayofanana na hii yetu: silaha ziliisha haraka zaidi kwa wachezaji wa fremu 60, na ilichukua karibu mwaka mzima kasoro hiyo kurekebishwa. Hakikisha tu gemu lako limesasishwa, na ukiona upanga unavunjika baada ya maadui wachache, jua una nakala ya zamani.