Bagamoyo kwenda na kurudi siku moja: anza na mwezi, usianze na saa

Likizo ikikaribia huwa napigiwa simu ileile: "Kaka, Jumamosi tunawapeleka watoto Bagamoyo, tuanzie wapi?" Nami huuliza kwanza: mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame?

Hatua ya 1: Panga na maji

Ufuo wa Bagamoyo ni tambarare. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa yanakwenda mbali, mashua zinalala ubavu mchangani, na watoto walioahidiwa kuogelea wanabaki kutazama tope. Jamaa yangu mmoja alitoka Mbagala alfajiri na familia nzima, akafika saa nne asubuhi, bahari hakuna. Wakakaa kivulini kusubiri maji yarudi, na magofu ya Kaole hawakuyaona.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 hivi za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua. Pwani yetu hii siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukifika tarehe 7 au 8 ya mwezi huohuo wa Kiislamu, na tena 22 hivi, mambo yamegeuka: yanajaa saa nne asubuhi, yanapwa saa kumi jioni. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Mwenye watoto wadogo achague siku hizo, asibishane na mtu.

Sasa angalia haya. Kalenda ya ukutani inaweza kupishana na mwezi kwa siku moja. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Ukitumia programu ya simu, hakikisha umechagua Dar es Salaam au Zanzibar, na usisahau kwamba 16:00 yao ndiyo saa kumi yetu ya jioni; nimeona mtu mzima akisoma saa sita hapo. Na maji ya bamvua yanaporudi hayarudi kwa mstari mmoja. Yanatangulia kwenye mikondo na kujaza nyuma yako, kwa hiyo mtoto asiachwe kukimbilia mashua zilizolala mbali. Mimi, baada ya hesabu zote hizo, bado namuuliza mvuvi. Programu haijui upepo. Kusi ikichachamaa, mashua ndogo hazitoki na bei ya samaki inapanda.

Hatua ya 2: Usafiri

Panda basi stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam. Ni kilomita kama 70, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Gari binafsi sikushauri: jioni ya Jumapili utaishia kwenye foleni umechoka, usukani mkononi.

Hatua ya 3: Pangilia siku

Bamvua: magofu asubuhi, chakula mchana, kuogelea kuanzia saa nane. Maji mafu: pindua, anza na bahari. Kiangazi cha Januari na Februari, jua la saa saba kwenye magofu ni adhabu, beba kofia na maji.

Hatua ya 4: Kaole, kisha Misheni

Chukua bajaji hadi Kaole, kusini mwa mji. Pale kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mkubwa ambao kila mtoto atataka kuuzunguka. Lipia getini, udai risiti, na mchukue mwongozaji. Bila yeye utaona mawe tu. Mwambie akuonyeshe upande wa mikoko, uelewe kwa nini bandari ilikufa pale na Bagamoyo ikashika biashara. Watu bado huja kuomba dua kwenye makaburi, hivyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, ina makumbusho na kile kikanisa ulipowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ukibakiwa na muda, pita Boma la Wajerumani. Mji huu ulikuwa makao yao makuu hadi 1891, walipohamia Dar.

Hatua ya 5: Samaki

Mnada wa ufukweni una kasi, na mgeni akiinua kidole ovyo amenunua. Usishindane na wachuuzi kwenye mafungu makubwa. Subiri mchuuzi anunue, kisha mnunulie yeye. Utaongeza kidogo, lakini utachagua. Funua matamvua: yawe mekundu. Bonyeza nyama: irudi. Jicho liwe limetuna. Kwa kukaanga palepale chukua changu au tasi, umpe mama lishe. Kibua mwache, ana mafuta yake na hapendezi akikaa. Wa kupeleka nyumbani wapaliwe na kutolewa matumbo hapohapo.

Beba deli lako na barafu kutoka Dar. Mfuko wa plastiki ndani ya basi la mchana nimeukataa kabisa, na abiria wa kiti cha nyuma wananiunga mkono. Samaki wasilale ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka, wafunge kwanza kwenye mfuko safi, na maji uyamwage kabla ya kupanda basi, konda asije akakutoza deli kama abiria wa pili.