Klachi ya Volkswagen Beetle: kurekebisha kebo kwanza, kubadilisha pleti ikibidi

Klachi ya Beetle haitumii mafuta. Kati ya pedali na giaboksi kuna kebo moja ya chuma, inapita ndani ya bomba lililofichwa kwenye uti wa katikati wa gari, inatokea nyuma na kukamata mkono wa klachi ubavuni mwa giaboksi, upande wa kushoto. Ni mpango mwepesi na imara, na kwa gari lililoshinda Safari Rally ya 1962 hakuna haja ya kuutilia shaka. Lakini kebo ikilegea, ikikaza au ikipinda vibaya, dalili zake hufanana kabisa na za pleti (diski ya msuguano ya klachi) iliyokwisha. Ndiyo maana injini nyingi hushushwa bure. Usishushe injini kabla ya kupima kebo.

Anza na majaribio mawili. La kwanza ni la kuteleza: injini ikiwa na joto, funga handbreki vizuri, weka gia ya tatu, ongeza moto kidogo na uachie klachi taratibu. Injini inatakiwa kuzima. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza. Usilirudierudie jaribio hili, kwa sababu kila mara pleti inaungua. La pili ni la kutoachia: injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kuongezwa moto), kanyaga pedali hadi mwisho, subiri sekunde tatu au nne, kisha ingiza rivasi. Rivasi ya Beetle haina sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kwa hiyo ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, pleti bado inazungushwa na injini.

Sasa pima pleyi, yaani mwendo mtupu wa pedali kabla haijaanza kusukuma klachi. Sukuma pedali kwa kidole, si kwa mguu, hadi uhisi uzito wa springi za presha pleti, bamba linaloibana pleti. Umbali kabla ya uzito huo uwe milimita 10 hadi 20. Hapa ni muhimu kuelewa kinachotokea. Pleti inavyolika, presha pleti inasogea kuelekea flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini) na vidole vyake vinarudi nyuma kuifuata beringi inayovisukuma pedali ikikanyagwa, kwa hiyo pleyi inapungua. Ikiisha kabisa, beringi inaegemea vidole muda wote, klachi haibani sawasawa, inateleza, inaungua, na beringi nayo inakufa. Kebo ikivutika, kinyume chake: pleyi inaongezeka na klachi haiachii. Kwa hiyo pedali isiyo na pleyi haihitaji kukazwa hata kidogo. Inahitaji kulegezwa, na wanaokaza zaidi wakidhani wanaongeza nguvu ya klachi wanamaliza pleti yao kwa haraka.

Ili kurekebisha, weka gogo au jiwe mbele ya magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi na utoe gurudumu la nyuma la kushoto. Utauona mkono wa klachi na ncha ya kebo yenye nati ya masikio mawili. Kwenye magari ya zamani zaidi kuna nati mbili, ya kurekebisha na ya kufungia. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, tia mafuta, shika ncha ya kebo kwa plaizi isizunguke, kisha zungusha nati: kukaza kunapunguza pleyi, kulegeza kunaiongeza. Nati ya masikio ina vinundu vinavyokaa kwenye mashimo ya mkono, kwa hiyo zungusha kwa nusu mzunguko na uhakikishe imekaa mahali pake. Kanyaga pedali mara tano au sita, upime tena. Maliza kwa grisi kwenye nyuzi, maana kutu ikishika hapo kebo hukatwa kwa msumeno.

Kuna kipande kinachosahauliwa kuliko vyote: bomba laini linalobeba kebo kutoka kwenye fremu hadi kwenye breketi ya giaboksi. Bomba hilo halitakiwi kunyooka. Likitazamwa kutoka ubavuni, katikati yake liwe limelegea chini kwa milimita 25 hadi 45 kutoka mstari ulionyooka kati ya ncha zake. Likinyooka mno, injini inavyocheza kwenye mipira yake wakati wa kuondoka inaivuta na kuiachia kebo yenyewe, na gari linatetemeka. Fundi anasema pleti ni mbovu, anabadilisha, na mtetemo unabaki. Likipinda mno, pedali inakuwa nzito na kebo inakatika mapema. Mpindo unarekebishwa kwa washa zinazowekwa kati ya breketi ya giaboksi na bega la bomba: ukiongeza washa mpindo unaongezeka. Baada ya kuugusa, rekebisha pleyi upya.

Ikiwa kebo ni mpya, mpindo ni sahihi na pedali bado haiachii, angalia kama bomba la ndani ya uti limeng'oka weldi zake. Dalili ni pedali yenye ulegevu kama wa mpira. Angalia pia bushi za shafti ya uma wa klachi, ule unaosukuma beringi. Na kama umelegeza nati hadi mwisho wa nyuzi na pleyi bado haipatikani, basi pleti imekwisha na injini inashuka.

Kabla ya kununua spea, jua gari lako. Kwa kawaida flaiwili ya mfumo wa volti 6 ina meno 109 na pleti ya milimita 180. Ya volti 12 ina meno 130 na pleti ya milimita 200. Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, kwa hiyo pima ya zamani badala ya kuamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Beringi nayo ina aina mbili. Ya zamani inashikwa na klipu mbili kwenye uma na inafanya kazi na presha pleti yenye pete katikati. Kuanzia modeli za 1971 giaboksi ina bomba la kuongoza beringi, na presha pleti yake haina pete. Ukichanganya, beringi haitadumu. Nunua pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na uongeze oili sili ya krenki.

Kushusha injini kunahitaji watu wawili. Toa waya wa hasi wa betri chini ya kiti cha nyuma. Toa kichujio cha hewa, kebo ya akselereta, waya za koili, jenereta, kabureta na swichi ya presha ya oili, zote ukiziandika alama, pamoja na bati la nyuma ya injini. Chini ya gari, chomoa mpira wa petroli na uuzibe mara moja kwa bolti safi, kisha toa kebo na mipira ya hita. Weka jeki chini ya katikati ya injini, ubao ukiwa juu ya jeki. Fungua nati mbili za chini, namba 17, halafu mbili za juu; mmoja anafungua, mwingine anashika upande wa pili. Vuta injini nyuma ikiwa imenyooka hadi shafti ya giaboksi itoke kabisa ndani ya pleti, ndipo uishushe. Uzito wa injini usining'inie kwenye shafti hata sekunde moja, kwa sababu kitovu cha pleti kinapinda. Mwili wa gari utahitaji kuinuliwa hadi bampa iwe karibu sentimita 90 kutoka sakafuni, juu ya stendi zinazoaminika.

Pleti za zamani zina asbesto. Usipulize vumbi kwa kompresa. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe.

Legeza bolti sita za presha pleti kwa zamu, mzunguko mmoja mmoja kwa mkingamo, la sivyo inapinda. Soma ulichokitoa. Pleti kavu iliyolika hadi karibu na riveti ni uzee wa kawaida. Pleti iliyolowa ina habari nyingine: oili nyembamba ya injini inatoka kwenye sili ya krenki nyuma ya flaiwili, au kwenye kizibo cha kemshafti; oili nzito yenye harufu kali ya salfa inatoka kwenye sili ya shafti ya giaboksi. Pleti iliyolowa oili haisafishiki. Ukifunga mpya bila kuziba chanzo, utarudi kushusha injini tena. Kwenye flaiwili, madoa ya bluu, nyufa au mifereji inayokwama ukucha ni kazi ya fundi wa lathe.

Sili ikivuja, flaiwili inatoka. Piga alama yake dhidi ya krenki, fungua nati kubwa ya namba 36 (inahitaji mpini mrefu sana), na uhifadhi shimu tatu zilizo nyuma yake. Ingiza sili mpya ikiwa sawa pande zote. Wakati wa kurudisha, kaza nati hiyo kwa Nm 350 na upime mwendo wa krenki mbele na nyuma: milimita 0.07 hadi 0.15. Ndani ya nati hiyo kuna beringi ndogo ya sindano inayobeba ncha ya shafti. Ipake grisi kidogo tu, maana ikizidi inarushwa kwenye pleti. Beringi ya klachi usiioshe kwa petroli, grisi yake ya ndani itatoka.

Pleti inakaa upande wa springi ukielekea giaboksi. Ilenge kwa shafti ya zamani ya giaboksi au kifaa maalumu cha plastiki, kisha kaza bolti sita kwa mkingamo hadi Nm 25. Usipolenga vizuri, injini haitaingia, na kuilazimisha kwa bolti kunavunja kitovu cha pleti. Wakati wa kuirudisha, weka gari gia na uzungushe krenki kwa puli kidogo kidogo hadi meno yakubaliane. Injini iingie kwa mkono hadi ikutane na giaboksi, ndipo ukaze nati nne kwa usawa, Nm 30.

Rekebisha pleyi upya, kwa kuwa pleti mpya ni nene na nati itahitaji kukazwa. Pima tena baada ya kilomita 500 hivi. Katika safari hizo za mwanzo epuka kupanda mlima huku klachi ikiwa nusu, na usipumzishe mguu kwenye pedali.