Kuongeza RAM kwenye Pentium II na III kwa bei ndogo: hesabu chipu kabla ya kulipa

Kompyuta za zamani zenye prosesa ya Pentium II na III zilizobaki kwenye stoo za ofisi na shule hapa Tabora mara nyingi zina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 64 tu. Windows 98 hujikongoja humo, diski ikikoroma muda wote kwa kubebeshwa kazi ambayo RAM imeshindwa. Usihangaike kutafuta RAM mpya. Waulize mafundi wenye boksi la vipuri: kompyuta ikifa mazabodi (bodi kuu) au pawa saplai, RAM yake huwa bado nzima.

Unayoitaka ni RAM aina ya SDRAM, pini 168, mapengo mawili kwenye ukingo wa chini. Yenye pengo moja ni DDR, aina ya baadaye. Haiingii, na ukilazimisha utavunja sloti.

Sasa fungua boksi, lile ambalo wengi tunaliita CPU, usome namba za chipu kubwa kwenye mazabodi. Ikiwa 82810 au 82815, mwisho wa RAM ni MB 512 kwa jumla. Ikiwa 82443BX, kila sloti inabeba hadi MB 256, lakini hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Mazabodi hiyo haisomi sawasawa RAM ambayo chipu zake, vile visanduku vyeusi vilivyobandikwa juu yake, zinazidi MB 16 kila moja. Kipande cha RAM cha MB 256 chenye chipu 16, nane kila upande, kitasomeka chote. Chenye chipu 8 tu kimebeba MB 32 kwa kila chipu: kinaonekana kipya na kisafi, lakini kompyuta itakihesabu MB 128, au isiwake kabisa. Si kibovu, hakiendani tu. Kwa hiyo kishike, kigeuze, hesabu. Stika ya PC133 isikutishe. Kwenye mazabodi ya MHz 100 kitakwenda kwa MHz 100.

Kabla ya kufunga RAM, chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima hakutoshi, kwa kuwa pawa saplai ya ATX huacha volti 5 kwenye mazabodi. Bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu ili chaji iliyobaki iishe. Kiangazi cha hapa hewa ni kavu na nguo ya nailoni hutoa cheche, basi gusa chuma kitupu cha boksi kila unaporudi kazini.

Toa vumbi kwenye sloti kwa brashi laini kavu. Pini za RAM zilizofifia zisugue polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, ziache zikauke. Linganisha mapengo, kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vishikizo vya sloti vijifunge vyenyewe. Ukilazimika kuvisukuma kwa mkono, kipande hakijakaa.

Kompyuta ikilia mfululizo na monita ikabaki nyeusi, chomoa vyote, safisha tena, jaribu kimoja kimoja. Ikiwaka, usiiamini bado: washa kwa CD ya Memtest86+, programu ya kupima RAM, uiache imalize duru moja kamili. Kosa hata moja, rudisha kipande hicho kwa fundi.

Kwa Windows 98 usivuke MB 512. Ukivuka, inaweza kulalamika kwamba RAM haitoshi hata kufungua dirisha la DOS. Dawa yake: fungua faili la SYSTEM.INI, na chini ya [vcache] andika MaxFileCache=262144, kisha uwashe upya.