Kumtafuta babu aliyefia Bama: hatua za kufuata kwenye kumbukumbu za askari wa Keya

Mwongozo huu ni wa familia yenye babu au mjomba aliyevushwa bahari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na hakurudi. Wengi huanza kwa kuandika jina lake kwenye intaneti, hawaoni kitu, wanakata tamaa. Tatizo ni kwamba jina ndilo lililoharibika zaidi: liliandikwa na karani asiyejua lugha ya mwenye jina. Tangulia na kikosi, mahali na tarehe. Jina utalitambua humo.

1. Kusanya yaliyopo nyumbani

Andika maneno ya wazee kama walivyoyatamka, usiyasahihishe. "Keya" ni King's African Rifles. "Panyako" ni vikosi vya kazi, na rekodi zake ziko mbali na za Keya. "Bama" ni Burma, Myanmar ya leo. "Bukini" ni Madagaska, walikopigana mwaka 1942. Kila neno linakupeleka kwenye makaburi tofauti, kwa hiyo usiridhike na "alifia kwa Mjapani".

Kisha fungua masanduku. Nishani yenye umbo la nyota ya ncha 6 imeandikwa eneo la vita. Kama maandishi yamefutika, tazama utepe: wa Burma ni buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya buluu kila upande. Ukipata namba ya askari kwenye barua au cheti, inakili pamoja na herufi zilizotangulia tarakimu. Watu huziacha wakidhani ni mapambo, kumbe ni sehemu ya namba.

2. Tambua batalioni

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote. Batalioni za Keya zilifuata nchi. Za Tanganyika zilizopigana Burma ni ya 26, ya 36 na ya 46. Za Uganda ni ya 4, ya 7, ya 34 na ya 44. Ya 11 ilikuwa ya Kenya. Batalioni ya 6 ya Tanganyika ilipigana Ethiopia, kwa hiyo aliyekuwa humo usimtafute Burma kwanza.

Batalioni inakupa tarehe. Ya 26 na ya 36 zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga kwenye bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika na malaria, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Ya 46 ilikuwa Brigedi ya 28, iliyopigana upande wa Letse na Seikpyu mapema mwaka 1945. Tayari miaka sita ya vita imepungua ikawa miezi michache.

Familia ikisema "alizama na meli", jaribu kwanza tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki.

3. Tafuta kwenye orodha ya makaburi ya vita

Tovuti ni cwgc.org, ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure, asikutoze mtu.

Acha nafasi ya jina wazi. Kwenye kikosi andika King's African Rifles, weka tarehe za kuanzia na kuishia ulizopata katika hatua ya 2, kisha pakua matokeo kama jedwali na uyasome kwa jicho, mstari kwa mstari. Kila kichujio unachoongeza ni nafasi nyingine ya kumkosa.

Unaposoma, soma kwa sikio. Athumani anaweza kuwa Asman au Othman. Hamisi akawa Khamis. Ramadhani akawa Ramazani. R na L zinabadilishana bila taarifa. Jina la baba linaweza kutangulia, au majina yote mawili yakabanwa sehemu ya ukoo yakiwa na "s/o" katikati, maana yake "mwana wa". Ukidhani umempata, hakikisha kwa namba, jina la mzazi au kijiji. Tarehe peke yake haitoshi, kwani akina Juma Ali walikuwa wengi.

4. Soma karatasi zilizoambatishwa

Ukurasa wa marehemu mara nyingi una picha za nyaraka za awali. Fungua zote. Fomu ya kuhamisha mabaki huonyesha mahali alipozikwa mara ya kwanza kabla ya kupelekwa makaburi makubwa, kama Taukkyan karibu na Yangon. Wasio na kaburi linalojulikana Burma wako kwenye Mnara wa Rangoon, uliomo humohumo Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Wa Khedive Ismail wako Nairobi, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Huko familia inaweza kufika kwa basi. Waliofia hospitalini watafute pia Imphal nchini India na Kandy nchini Sri Lanka.

5. Jua alikufaje

Shajara za vita za batalioni zilizokuwa Burma ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo WO 172. Za Afrika Mashariki, tafuta WO 169. Katalogi inasomwa bure mtandaoni. Ukimpata mtu wa kwenda, apige picha kwa simu yake bila malipo.

Usitegemee kuona jina. Afisa wa Kizungu aliyeuawa huandikwa kwa jina; askari wetu huhesabiwa tu, kwa herufi A.O.R. (African Other Ranks, yaani askari Waafrika wasio maafisa) na tarakimu. Inauma kusoma hivyo. Lakini kama siku aliyofariki kwenye orodha ya makaburi ndiyo siku shajara inayosema A.O.R. wawili wameuawa kwenye kilima fulani, umeshajua pigano lenyewe.

Nyumbani, nenda Nyaraka za Taifa: Moi Avenue kwa Nairobi, Upanga kwa Dar es Salaam. Omba majalada ya wilaya ya kati ya 1943 na 1950 yanayohusu askari waliofariki, mirathi yao na malipo kwa warithi. Tafuta kwa jina la wilaya ya wakati huo, kwa sababu mipaka imebadilika.

6. Kama hayumo

Tume huhesabu vifo vya kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyeachishwa jeshi akafia nyumbani ndani ya muda huo huingia tu ikithibitika kuwa alikufa kwa jeraha au ugonjwa wa jeshini. Kama anastahili na hayumo, waandikie. Ambatisha nakala, usitume karatasi halisi, za kuthibitisha mambo matatu: kwamba alikuwa jeshini, tarehe ya kifo, na sababu yake. Barua ya mkuu wa wilaya kuhusu malipo ya mjane, yenye namba ya askari, ina uzito kuliko simulizi za ukoo mzima. Kama alifariki baada ya 1947, rudi kwenye majalada ya wilaya, sehemu ya malipo ya wastaafu.