Jinsi ya Kujenga Ofisi ya Walimu Isiyo na Woga

Katika shule nyingi za Tanzania, kikao cha walimu huenda kwa mtiririko ule ule: mkuu wa shule hufungua, husoma ajenda, hueleza msimamo wake, kisha huuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuna anayenyoosha mkono. Wakati wa chai ndipo yote yaliyokosekana kikaoni husemwa. Walimu hao hawakosi mawazo. Wamekwisha kuona kwamba kusema kunaweza kumponza mtu, na kwa hiyo hufuata lile la funika kombe mwanaharamu apite. Mwongozo huu unawahusu wakuu wa shule na makamu wao wanaotaka kujenga usalama wa kisaikolojia, yaani hali ambayo mwalimu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga wazo bila kuhofia kudhalilishwa.

Anza kwa kukubali kwamba woga huo una sababu. Kwa Tanzania Bara, mkuu wa shule ya serikali ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa madogo ya walimu walio chini yake, na makosa makubwa hufikishwa kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu. Anayesema "nielezeni matatizo yenu" ndiye huyo huyo awezaye kumwandikia mwalimu barua ya kumtaka ajieleze. Usijifanye huna mamlaka hayo, kwani hakuna atakayekuamini. Yawekee mipaka hadharani. Eleza ni mambo gani yatakwenda kwenye nidhamu moja kwa moja, kama utoro kazini, kumdhuru mwanafunzi au kuvujisha mtihani, na ni yapi yatarekebishwa kama makosa ya kawaida ya kazi, kama kukosea kujumlisha alama au kuchelewa kumaliza mada. Kisha itimize ahadi hiyo hata siku ambayo kosa limekuudhi kwelikweli.

Siku hiyo ndiyo yenye uzito kuliko semina yoyote. Chukua mwalimu wa Kemia wa kidato cha tatu anayegundua, wiki mbili kabla ya mtihani wa muhula, kwamba hajagusa hesabu za moli, akaja ofisini kwako kusema. Ukimjibu "Ulikuwa wapi siku zote?", habari itaenea kwa walimu wote kabla ya kengele ya mchana, na hatakuja mwingine. Mwambie: "Umefanya vyema kuniambia mapema. Vimebaki vipindi vingapi, na nani anaweza kukusaidia?" Uwajibikaji haujaondoka hapo: mwalimu atafundisha mada hiyo, pengine jioni, na mkuu wa idara atafuatilia azimio lake la kazi. Kilichoondoka ni fedheha, ambayo kwa maoni yangu haijawahi kumsaidia mwanafunzi yeyote kufaulu.

Katika vikao, bandika ajenda kwenye ubao wa matangazo siku mbili kabla ili watu wajiandae, na wewe zungumza mwisho. Wa kwanza wawe walimu wa ajira mpya na walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Kwetu kijana hampingi mkubwa aliyekwisha kutoa kauli, na heshima hiyo ni njema isiyopaswa kuvunjwa. Kinachopaswa kubadilika ni zamu ya kusema. Matokeo ya mitihani yanapojadiliwa, usisome wastani wa kila mwalimu mbele ya wenzake. Jadilini maswali: kwa nini wanafunzi wengi wa kidato cha pili waliliacha swali la 7, lilifundishwaje, na nani darasa lake lilifanya vizuri zaidi awaeleze wengine alivyofanya. Mazungumzo kuhusu mwalimu mmoja mmoja yafanyike faraghani, na kundi la WhatsApp la shule lisiwe mahali pa kukaripia mtu.

Msiwasahau mlinzi, mpishi na mhasibu, kwani mara nyingi ndio wa kwanza kuona mambo yanapoharibika.

Baada ya miezi michache huenda ukasikia makosa mengi kuliko zamani. Usishtuke. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani ambaye mwaka 1999 alichapisha utafiti mashuhuri kuhusu usalama wa kisaikolojia katika timu za kazi, alikuwa awali amechunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zilionyesha kinyume, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi, bali zilikuwa huru zaidi kuyataja makosa yao.

Kila muhula, muulize kila mtumishi faraghani swali moja: "Ni jambo gani uliliona hapa shuleni ukaamua kutolisema?" Sikiliza bila kujitetea, chagua angalau jambo moja lililo ndani ya uwezo wako, lishughulikie, kisha katika kikao kinachofuata eleza kilichofanyika bila kumtaja aliyekuambia.